Kijana Msomi na Kutafuta Riziki ya Halali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyegawa riziki kwa hekima yake na akawaamrisha waja wake waitafute kwa njia za halali. Na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad, aliyechunga mbuzi katika utoto wake na akasafiri na mali ya biashara katika ujana wake, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika mambo yanayowahuzunisha Waislamu wa pwani, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na Unguja na Pemba, ni khabari ya vijana waliokwisha kusoma na wasiokuwa na kazi. Zamani kilio kilikuwa kwamba watoto wa Kiislamu hawasomi, na wengine ndio wanaojaza viti vya afisi. Leo, alhamdulillahi, watoto wanasoma. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kimefundisha tangu mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro tangu mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi kilipata hati yake mwaka 2013. Kila mwaka vijana hutoka vyuoni wamevaa majoho, na mama zao hupiga vigelegele, na baba zao husoma maulidi na kulisha watu pilau. Kisha mwaka hupita, na wa pili hupita, na kijana yuko barazani, cheti kimo sandukuni, na baba hana tena la kuwajibu watu wanaomuuliza.

Na kijana aliyekaa bure hakai peke yake, kwani shetani humtafutia wenziwe. Miji ya pwani imekwisha kuona watoto wa watu wema waliochukuliwa na unga, na wengi wao mlango wao wa kwanza ulikuwa ni baraza ya waliokata tamaa. Basi jambo hili si la dunia tu, bali ni la dini pia, na haifai kulinyamazia msikitini na kulizungumza mkahawani tu.

Ukisikiliza maneno ya watu katika jambo hili utayakuta ni matatu. Wa kwanza husema, riziki ikiandikwa itakuja, hapana haja ya kuhangaika. Wa pili husema, kazi hii si ya mtu aliyesoma. Wa tatu husema, bila ya mtu mkubwa au fedha hupati kitu. Kila neno katika haya lina kweli kidogo ndani yake, na kwa kweli hiyo kidogo ndiyo linavyowapoteza watu.

Neno la kwanza: riziki itakuja

Ni kweli kwamba riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, wala hafi mtu mpaka aishe kula yake. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowafundisha watu kutawakali aliwapigia mfano wa ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa na hurudi jioni wameshiba. Maulamaa wakaonyesha kwamba katika mfano huo ndege hutoka. Hakusifiwa ndege aliyelala kiotani akifumbua mdomo. Na katika Sura ya Jumua waumini wameamrishwa kwamba sala ikimalizika watawanyike katika ardhi na watafute fadhila za Mola wao. Basi mwenye kuketi akasema ametawakali, na hali hajaandika barua wala hajapiga hodi mlangoni kwa mtu, huyo hakutawakali. Ni mvivu aliyeupa uvivu wake jina la dini.

Na mfano wa kuzingatiwa zaidi ni ule wa Nabii Musa, amani imshukie, uliotajwa katika Sura ya Kasas. Aliingia Madyan naye ni mgeni, ametoroka, hana chakula, hana jamaa, wala hapana amjuaye. Akakuta wachunga wakinywesha wanyama, na pembeni wanawake wawili wamezuia wanyama wao kwa kuwa hawana nguvu ya kusongamana na wanaume. Hakuuliza atalipwa nini. Aliwanyweshea, kisha akajitenga kivulini akamwomba Mola wake, akikiri kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Haukupita muda, mmoja wa wale wanawake akaja kumwita kwa baba yake, na akamshauri baba amwajiri, kwa sababu mtu bora wa kuajiriwa ni yule mwenye nguvu na mwaminifu. Wakapatana miaka minane, na akipenda atimize kumi.

Yamekusanyika katika kisa hiki mambo manne ambayo kila mwenye kutafuta kazi yampasa ayashike. La kwanza, Musa alifanya kazi yenye manufaa kabla ya kuomba kazi, na watu wakamjua kwa tendo lake kabla ya kumjua kwa jina lake. La pili, aliomba dua baada ya kufanya, wala hakuomba badala ya kufanya. La tatu, aliajiriwa kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu, na nguvu katika zama hizi ni ujuzi wa kazi yenyewe. La nne, masharti yalitajwa wazi, muda ukajulikana, na kila upande ukajua wajibu wake.

Basi mwanafunzi aliyeko chuoni leo asingoje mpaka avue joho ndipo aanze kutafuta. Katika likizo zake na aende kwa mwenye duka, kwa mhasibu, kwa fundi wa umeme, kwa mwenye hoteli, au bandarini kwa wakala wa forodha, aombe kuwa mwanagenzi hata kwa ujira mdogo. Vyuo vingi vimeweka miezi ya kujifunza kazini, na wengi huihesabu miezi hiyo kuwa ni adhabu, wakatafuta mahali pa kupigiwa muhuri tu kisha wakarudi kulala. Hiyo ni khasara kubwa, kwani pale ndipo kisima cha Madyan. Bwana wa kazi aliyemwona kijana akifika mapema, akiuliza, akiandika, na akimaliza alichopewa, humkumbuka siku nafasi inapopatikana, na asipokuwa na nafasi yeye mwenyewe humtaja kwa mwenziwe.

Neno la pili: kazi hii si ya msomi

Wako vijana ambao wamepata kazi wakaikataa, kwa sababu haina meza wala kiti cha kuzunguka. Na mara nyingi si kijana aliyeikataa, ila ni nyumba yake. Baba husema, sikukusomesha uje uuze duka la mtu. Jirani hucheka. Mama wa mchumba huuliza, anafanya kazi gani?

Na wamtazame Abdurrahman bin Auf, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie. Alikuwa mfanya biashara Makka, akahama kwenda Madina ameiacha mali yake. Mtume akamfungia udugu na Saad bin Rabii, tajiri katika Ansari, naye Saad akamwahidi nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaikataa ile nusu, akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, na jioni akarudi na samli na maziwa makavu aliyoyapata kwa kuuza na kununua. Haukupita muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu, na mwisho wake akawa katika matajiri wakubwa wa masahaba. Mtu aliyezoea misafara hakuona haya kuanza na samli. Je, mwenye cheti cha biashara aone haya kuanza na duka la mjomba wake, na hali hesabu za duka hilo hazijapata kuandikwa vizuri tangu lilipofunguliwa?

Na amepokea Abu Daud kisa cha mtu wa Ansari aliyekuja kwa Mtume kuomba. Mtume hakumpa kitu. Alimuuliza nyumbani kwake mna nini, akajibu kwamba mna nguo nzito, sehemu wanajifunika na sehemu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, Mtume akavinadi kwa watu, vikapata dirhamu 2. Moja akanunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka. Aliporudi nalo Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia akakate kuni na asimwone mpaka siku 15. Akarudi na dirhamu 10.

Katika khabari hii Mtume alianza kwa kuuliza mtu ana nini, wala hakuanza kwa kuhesabu alivyokosa. Na kijana aliyesoma naye ana vitu ambavyo havihesabu. Anajua Kiswahili fasihi na Kiingereza, na pengine Kiarabu cha chuoni kwa Sheikh. Anajua kutumia kompyuta. Ana mjomba mwenye mashua ya kuvulia na hana wa kumwandikia hesabu. Hayo yote ni nguo na bakuli, na yakinadiwa kwa watu yatapata dirhamu ya kununulia shoka.

Tena ikumbukwe kwamba wazee wa pwani hawakuudharau ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianza kujengwa Mombasa skuli kubwa ya ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki, na Sultani wa Zanzibar na jamaa za Waislamu mbali mbali wakaichangia mali. Ikapokea wanafunzi mwaka 1951, ikabadilishwa jina mara kwa mara, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Waliotoa mali zao walitaka watoto wajue kushika chombo cha kazi, si kalamu tu. Basi mtoto wa pwani aonaye haya kuchafua mikono hafuati desturi ya wazee wake kama anavyodhani.

Lakini heshima ya kazi ina mpaka mmoja, nao ni halali. Kijana anayeambiwa asichague kazi haambiwi achukue kila kazi. Kuuza pombe, kuandika mikataba ya riba, kukaa katika dirisha la kamari ambalo siku hizi limeingia mpaka katika simu za watoto, hayo hayawi mema kwa kuwa mshahara wake ni mkubwa. Na aliyesoma hesabu na mambo ya benki asidhani kwamba amefungiwa milango yote, kwani ziko benki zilizoanzishwa kwa kufuata sharia, kama Gulf African Bank ya Kenya iliyofunguliwa mwaka 2008 na Amana Bank ya Tanzania iliyofunguliwa mwaka 2011. Na aanze kupiga hodi huko.

Neno la tatu: bila ya mtu au fedha hupati

Hapa ndipo penye khatari, kwani hapa kijana hupoteza dini yake kabla hajapata dunia.

Kuna shafaa na kuna dhulma, na watu wamevichanganya. Mtu anayemjua kijana kwa kazi yake akamtaja kwa kheri mbele ya bwana wa kazi, huyo amefanya shafaa njema, na Kurani imemwahidi fungu katika kheri yake, na Mtume aliwahimiza masahaba zake waombeane ili wapate thawabu. Kwa hivyo kijana asione haya kumwendea Sheikh wake, mwalimu wake, au mzee aliyefanya kazi naye, akamwomba amshuhudie. Lakini ikiwa mtu hamjui, au amjua kwamba hawezi kazi, kisha akampitisha kwa kuwa ni mtoto wa ndugu yake na akamwacha anayestahiki, hiyo si shafaa. Ni khiyana katika amana, na huyo kijana ataula ujira wa mwenziwe kila mwezi.

Ama rushwa, au mlungula kama walivyoita wazee, Mtume amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Na sheria za dunia zinawakuta wote wawili pia. Sheria ya Rushwa ya Kenya ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji kama mpokeaji, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 ni hivyo hivyo.

Hapo baba huleta hoja, na hoja yake yastahili kujibiwa, kwa kuwa hutoka katika moyo wenye uchungu. Husema, mwanangu ana haki, amefaulu, na haki yake inazuiliwa na mtu mwovu. Na maulamaa wengi wamesema kwamba mtu akizuiliwa haki yake na asipate njia nyingine ila kutoa, dhambi ni ya mpokeaji. Basi kuna ubaya gani?

Jawabu ni kwamba maneno ya maulamaa ni sahihi, lakini hayaingii hapa. Wao wamesema juu ya haki iliyokwisha kuthibiti, kama mtu kuzuiliwa mali yake mwenyewe au mshahara alioutumikia. Ama kazi iliyotangazwa na kuombwa na watu 100, hiyo haijawa haki ya mmoja wao mpaka achaguliwe kwa uadilifu. Mwenye kutoa fedha hajikomboi katika dhulma, bali anawanunulia dhulma wale 99, na huenda katika hao yuko yatima aliyefaulu kuliko mtoto wake. Na kijana aliyeingia kwa mlungula ataanza kazi na deni la kurudisha, na watu wengi waliokuja kupokea mlungula kwa wengine mwanzo wao ulikuwa ni huo.

Na yako madhara mengine. Wengi wa wanaotaka fedha za kumwingiza mtu kazini hawana kazi yoyote ya kutoa. Ni matapeli. Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania na Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya hazimtozi mtu fedha kwa kuomba kazi. Kijana akiambiwa atume fedha ya fomu, au ya kuchimba faili, au ya daktari wa kampuni, kwa nambari ya simu ya mtu asiyemjua, na afunge mkono wake. Na anayeahidiwa kazi Ghuba, katika Omani au Katari au Saudia, asitoe pasipoti wala fedha mpaka ajue kwamba wakala ana leseni, na kwa Kenya khabari hiyo hupatikana kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tena auone mkataba wake kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, na si baada ya kushuka.

Katika mlango huu huu unaingia uwongo wa vyeti. Tarehe 28 Aprili mwaka 2017 huko Dodoma, Rais wa Tanzania, John Pombe Magufuli, alikabidhiwa taarifa iliyoonyesha kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe. Na Kenya nayo mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa khabari ya vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000. Katika walioondolewa hapana shaka walikuwamo watu wazima wenye watoto, waliofanya kazi miaka mingi wakidhani kwamba jambo limesahauliwa. Cheti cha uwongo ni ushahidi wa uwongo ulioandikwa na kutiwa muhuri, na ushahidi wa uwongo Mtume ameuhesabu katika madhambi makubwa. Na wala si cheti kizima tu. Mwenye kuandika kwamba alifanya kazi mwaka mmoja na hali alifanya miezi mitatu, naye yumo.

Matayarisho yampasayo kijana

Nabii Yusuf, amani imshukie, alipoitwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, na akataja sababu mbili, kwamba ni mhifadhi na ni mjuzi. Hapa wako wanaosema, je, si imekatazwa mtu kuomba ukubwa? Maulamaa wamejibu kwamba lililokatazwa ni tamaa ya ukubwa kwa asiyeuweza, ama mwenye ujuzi na amana akajitaja kwa kweli, kwa manufaa ya watu, hana lawama. Yusuf hakutaja nasaba yake, naye ni mtoto wa Mtume na mjukuu wa Mtume. Alitaja kile kilichohitajiwa na kazi. Basi barua ya kuomba kazi iandikwe kwa mfano huo. Iwe fupi, iseme kazi gani inaombwa, ujuzi gani anao mwenye kuomba, na dalili ya ujuzi huo ni ipi. Barua moja isipelekwe kwa mabwana 20 kwa kubadilisha jina tu, kwani msomaji wake hujua upesi kwamba hakukusudiwa yeye.

Na kabla ya barua, kijana na atazame vyeti vyake. Pwani ina maradhi yake katika jambo hili. Mtoto mmoja huandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad skulini, na Mohammed katika kitambulisho, na jina la babu likaongezwa hapa na kupunguzwa pale. Afisi ikiona majina matatu hudhani kuna watu watatu. Na asingoje mpaka siku ya kuitwa. Angali chuoni na aende kwa wakili au hakimu, ale kiapo cha jina, asahihishe kinachosahihishika, na awe na nakala zilizothibitishwa. Wazee nao, mtoto anapozaliwa, waandike jina kwa namna moja na waishike namna hiyo.

Kisha awe na daftari. Yule mtu wa shoka alipewa siku 15 kisha akarudi kutoa hesabu. Kijana naye kila siku 15 na ajihesabu: barua ngapi zimekwenda, kwa nani, nani amejibu, wapi amekwenda kwa miguu yake, na kitu gani kipya amejifunza. Akiona daftari tupu, asiilaumu riziki. Akiona limejaa na hapana jibu, na ampelekee barua zake mtu mzima ajuaye kazi azisome, kwani huenda kosa liko katika barua. Wala asiteremke moyo kwa kukataliwa mara 10 au 30, kwani mvuvi hatupi nyavu zake baharini kwa sababu jana hakupata.

Siku ya kuitwa kusailiwa, na aijue kwanza ile kampuni au idara, inafanya nini, inauza nini, inahudumia watu gani. Afike kabla ya saa, nguo zake safi, simu yake imezimwa. Atoe salamu, akae akikaribishwa, ajibu kwa kadiri ya suala. Na akiulizwa asilolijua, aseme kwamba halijui na kwamba yu tayari kujifunza. Imam Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 179 wa Hijra, aliulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka mbali, na mengi katika hayo alijibu kwamba hajui, wala heshima yake haikupungua mpaka leo. Ama mwenye kubuni jawabu, anayemsaili humwona upesi, na uaminifu ukiondoka katika suala dogo hautarajiwi katika fedha.

Akipewa kazi, asitie sahihi kwa furaha tu. Kurani imeamrisha deni liandikwe, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, ili watu wasidhulumiane. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi yawe kwa maandishi, na muda wa majaribio usizidi miezi 6 ila kwa kupatana na mfanya kazi. Na Tanzania bara, sheria ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Na asome: mshahara kiasi gani, saa ngapi, likizo, na je, atapata nafasi ya sala ya Ijumaa. Hili la sala aliulize kwa adabu kabla ya kukubali, kwani mapatano ya mwanzo huondoa ugomvi wa mwisho.

Wajibu wa wazee

Haya yote ni juu ya kijana, lakini haki yake kwa wazee ni kubwa. Baba asimkebehi mtoto mbele ya wageni, wala asimlinganishe na mtoto wa jirani. Amtume, ampe nauli ya kwenda kusailiwa, amuulize daftari lake linasemaje, na akimwona amechoka amtie moyo. Mwenye duka, mwenye gari, mwenye karakana, mwenye hoteli, kila mmoja aweza kumchukua mwanagenzi mmoja kwa mwaka, na huyo mmoja ni nyumba nzima. Lakini akimchukua amlipe. Mtume ameamrisha mfanya kazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, na wako Waislamu wanaowafanyisha vijana mwaka mzima kwa maneno ya kwamba wanajifunza, hali faida ya kazi yao inaingia kila jioni katika sanduku. Hao wajihadhari na siku ambayo mfanya kazi atadai na hakimu ni Mwenyezi Mungu.

Na misikiti nayo ina nafasi. Baada ya sala ya Ijumaa hutangazwa maiti na harusi na michango, na ni vyema pia zikatangazwa kazi zilizo wazi, na watu wazima waliostaafu wakakaa na vijana saa moja kuwasomea barua zao. Jambo hilo halihitaji jengo wala fedha za kutoka ng'ambo. Lahitaji watu watatu wenye kalamu na subira.

Kijana akisha fanya haya yote, amesali, ametafuta, amesema kweli, amekataa haramu, na bado hajapata, basi ajue kwamba hakupoteza kitu. Kutafuta kwake kumeandikwa katika amali zake njema, na uaminifu wake umebaki mzima, nao ndio mtaji usioliwa na mwaka wa njaa. Na aendelee, kwani milango ya Mola ni mingi kuliko milango ya afisi.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wa Kiislamu milango ya riziki ya halali, awatosheleze kwa halali yake na haramu, awape wazee wao huruma na hekima, na awajaalie wenye mali kuwa sababu ya kheri kwa wenzao. Amin.

Wabillahi ttaufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.